Mali Bila Daftari: Nani Anajua Mashine Ngapi Zimelala Hospitalini?

TAHARIRI



Kila mwaka bajeti ya Wizara ya Afya ikisomwa pale Bungeni Dodoma, orodha huwa ndefu. Mashine za eksirei kadhaa zimenunuliwa, za ultrasaundi kadhaa, vitanda vya wagonjwa mahututi kadhaa, majengo ya dharura kadhaa. Meza zinagongwa. Baada ya hapo inakuja ziara, utepe unakatwa, picha zinapigwa, na chawa wanamalizia kazi mtandaoni.

Sisi vijana hatuna ugomvi na utepe. Mashine ikinunuliwa kwa kodi zetu, ije, ifungwe, ihudumie watu. Ugomvi wetu ni na ukimya unaofuata. Mwaka mmoja baada ya utepe, mashine ile inafanya kazi? Miaka mitatu baadaye iko wapi? Imefanyiwa matengenezo mara ngapi, na nani, kwa shilingi ngapi? Iliharibika Jumatatu, fundi aliitwa lini na alifika lini? Hayo ni maswali ya kawaida kabisa, ambayo mwenye lori moja la kubeba mchanga anaweza kukujibu kuhusu lori lake. Kwenye hospitali ya umma utapigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tahariri ya leo inahusu daftari hilo: mfumo wa kompyuta wa kusimamia matengenezo ya vifaa tiba. Najua kichwa cha habari hakina mvuto wa siasa za majukwaani. Vumilia usome hadi mwisho, maana hapa ndipo hela zetu zinapolala na hapa ndipo ndugu zetu wanapopoteza maisha bila mtu yeyote kuwajibika.

Matengenezo kwa hasira za Rais

Tukumbushane. Novemba 2015, siku chache tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila kutoa taarifa. Akakuta wagonjwa wamelala chini, na mashine za MRI na CT hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, aliyekuwa anakaimu ukurugenzi akaondolewa, amri ikatoka mashine zitengenezwe haraka. Nchi nzima ilishangilia.

Tuulizane sasa kwa utulivu. Kama hospitali kubwa kuliko zote nchini ilihitaji Rais aje mwenyewe kwa miguu ndipo ijulikane kwamba MRI imelala, hospitali ya wilaya ya Mpwapwa inahitaji nini? Kituo cha afya kule ndani Chemba kinamsubiri nani? Rais ni mmoja, na vituo vya umma ni maelfu. Nchi haiwezi kuendesha matengenezo kwa ziara za kushtukiza. Hasira ya kiongozi inatengeneza mashine moja siku moja. Mashine elfu moja kila siku zinahitaji utaratibu, na utaratibu unahitaji kumbukumbu.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile halikuulizwa. Nani alijua kwamba mashine imelala kabla Rais hajafika? Ni wazi wauguzi walijua, madaktari walijua, na wagonjwa waliokuwa wanaelekezwa waende hospitali binafsi walijua vizuri zaidi, kwa mifuko yao. Taarifa ilikuwepo chini. Haikuwa na njia ya kupanda juu ikiwa na tarehe na jina la ofisi inayopaswa kujibu.

Siyo Tanzania peke yake, lakini hiyo siyo faraja

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo. Wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Yaani katika kila mashine tano, karibu mbili ni mapambo. Sababu walizozitaja ni tatu: watumiaji na mafundi kukosa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa, na miundombinu kama umeme na maji. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibika kwa kununua mashine nyingine.

Utafiti mwingine wa Malkin na mwenzake, wa mwaka 2010, ulitazama maombi ya matengenezo kutoka hospitali za nchi maskini. Matokeo yake yanauma zaidi: karibu theluthi mbili ya mashine zilizokuwa zimelala zingeweza kurudi kazini kwa ujuzi wa kawaida wa fundi, bila kuagiza kipuri kutoka nje. Waya umekatika. Fyuzi imeungua. Chujio limeziba vumbi. Plagi imeyeyuka. Mtumiaji hakuelekezwa namna ya kuwasha.

Mashine ya mamilioni ya shilingi inalala kwa fyuzi! Tusidanganyane kwamba hii ni shida ya umaskini. Maskini ndiye anayetunza baiskeli yake hadi irithiwe na mjukuu. Bodaboda wa Nkuhungu anajua siku ya kumwaga oili, anajua tairi la nyuma lina miezi mingapi, anajua mnyororo ulikazwa lini. Hana kompyuta, lakini pikipiki yake ni moja na ndiyo ugali wake, kwa hiyo daftari analo kichwani. Hospitali ina mamia ya vifaa, wahudumu wanahamishwa kila mwaka, na mashine ikilala mshahara wa mkubwa hauguswi. Hapo kichwa hakitoshi tena.

Nyanda za kati zina maadui wake

Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi huko ughaibuni, ukiileta Bahi au Manyoni inakutana na mambo ambayo kitabu chake cha maelekezo hakikuyategemea.

Wa kwanza ni vumbi. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na kuanzia Mei hadi Novemba upepo wa Dodoma ni ule mnaoujua wenyewe. Chukua mashine ya kuzalisha oksijeni ya wodi ya watoto. Ina chujio la hewa ambalo linatakiwa kusafishwa mara kwa mara, kazi ya dakika chache kwa maji na sabuni. Chujio lisiposafishwa, mashine inaendelea kuunguruma, taa inawaka, mrija uko puani kwa mtoto, lakini oksijeni inayotoka inazidi kupungua. Mama anaona mashine inafanya kazi. Muuguzi anaona mashine inafanya kazi. Mtoto peke yake ndiye anayejua ukweli, naye hawezi kusema.

Wa pili ni maji. Anayechemsha chai Dodoma anaujua ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji. Ukiachwa, vyuma vya kupashia maji vinaungua na mashine inazima. Mashine ya kutakasia ikizima, chumba cha upasuaji nacho kinafungwa. Mama anayehitaji upasuaji wa uzazi anapandishwa gari la wagonjwa. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150. Fanya hesabu mwenyewe.

Wa tatu ni umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Lakini hata bila mgao, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua kompyuta za ndani ya mashine. Kifaa cha kutuliza umeme ni bei ndogo ukilinganisha na mashine inayolindwa. Swali ni nani anayeandika kwamba mashine fulani haina kifaa hicho, na nani anayesoma alichoandika.

Vyote hivi vinatabirika, na kinachotabirika kinapangiwa ratiba. Hiyo ndiyo maana ya matengenezo kinga, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfumo wenyewe unafanya nini

Watu wakisikia "mfumo wa kompyuta" wanafikiria jambo la wazungu na mabilioni. Hebu tulifungue.

Kila kifaa kinapewa namba yake na kibandiko chake. Kwenye mfumo, namba hiyo inafungua ukurasa wa kifaa: ni nini, kilitengenezwa na nani, kimenunuliwa au kutolewa msaada lini, kwa bei gani, kiko chumba kipi, waranti inaisha lini, nani ana mkataba wa kukihudumia. Hiyo ni rejesta.

Juu ya rejesta inawekwa ratiba. Chujio hili kila wiki, betri hii kila miezi sita, kipimo hiki kihakikiwe kila mwaka. Siku ikifika, fundi anaona kazi yake ya wiki.

Kisha kuna tiketi ya kazi. Kifaa kikiharibika, muuguzi anaandika au anapiga simu, tiketi inafunguliwa ikiwa na saa na tarehe. Fundi akija anaandika alichokuta, alichofanya, alichotumia, na kama anasubiri kipuri anaandika anasubiri kipuri gani kutoka kwa nani. Tiketi haifungwi mpaka mashine ifanye kazi.

Mwisho kuna stoo ya vipuri na hesabu ya gharama. Baada ya mwaka mmoja mfumo unakwambia mashine ipi imelala siku ngapi, ipi inakula hela kuliko thamani yake na inafaa kustaafu, na kampuni ipi inatuuzia vitu vinavyokufa mapema. Mkuu wa manunuzi akitaka kununua tena kwa kampuni ileile, ushahidi uko mezani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu mifumo ya namna hii mwaka 2011. Jambo zuri katika mwongozo huo ni unyenyekevu wake: hospitali ndogo inaweza kuanza na kadi za karatasi au jedwali la kawaida la kompyuta, ikaingia kwenye programu kubwa ikishazoea nidhamu. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba tunasubiri fedha za mfumo. Daftari la shilingi elfu tano linaweza kuanza kesho asubuhi.

Na hapa niwaambie watumishi wa afya wanaosoma ukurasa huu kimyakimya: mfumo huu ni kinga yenu. Leo mgonjwa akifa kwa sababu mashine haikufanya kazi, anayesimamishwa kazi mbele ya kamera ni muuguzi wa zamu. Kukiwa na tiketi inayoonyesha kwamba muuguzi huyo aliripoti tarehe 3, fundi akaomba kipuri tarehe 5, na ombi likalala mezani kwa mkubwa wiki sita, lawama itaenda kwenye meza inayostahili. Ndiyo maana wapo wakubwa wasiolipenda daftari.

Dodoma tulishawahi kuifundisha nchi

Wapo watakaosema hili haliwezekani kwetu. Wasome historia ya mkoa wao.

Mwaka 2011 ulianza hapa Dodoma mradi ulioitwa Tuimarishe Afya, kwa fedha za serikali ya Uswisi na utaalamu wa Swiss TPH, taasisi ya afya ya nchini humo. Ndani ya mradi huo ndimo ilimozaliwa CHF Iliyoboreshwa. Humo pia ndimo ulimotoka utaratibu wa Jazia wa mwaka 2014: kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa, halmashauri inanunua kwa mshitiri mmoja aliyechaguliwa kwa ushindani kwa mkoa mzima, badala ya kila mtu kukimbilia duka la rafiki yake. Jazia ilipofanya kazi Dodoma, ikapelekwa Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ikatangazwa nchi nzima.

Mradi huohuo ulikuwa na mtoto wa tatu ambaye hakupata jina kubwa: usimamizi wa vifaa tiba. Kuhesabu vifaa, kufundisha mafundi, kuweka kumbukumbu kwenye kompyuta. Swiss TPH wenyewe ndio waliotengeneza openMEDIS, programu huria ya kusimamia vifaa tiba ambayo hailipiwi leseni. Yaani maarifa yalifika hadi mlangoni kwetu, na programu ya bure ipo.

Dawa zilipata utaratibu wa mkoa kwa mkoa, bima ikapata wa nchi nzima. Matengenezo yakabaki kama suala la mafundi wachache wenye bisibisi na moyo. Kwa nini? Jibu letu ni la kisiasa. Dawa zikikosekana wananchi wanapiga kelele siku hiyohiyo, kwa hiyo kiongozi anashtuka. Mashine ikifa, mgonjwa anaandikiwa akapime nje, analipa, anarudi, anadhani ndivyo dunia ilivyo. Kelele hazipo. Kazi ya vijana ni kuzileta hizo kelele.

Majirani wanatufundisha pande zote mbili

Kenya mwaka 2015 iliingia mkataba wa miaka saba wa kukodi vifaa kwa hospitali 98. Kwenye karatasi ilikuwa safi: kampuni zilete mashine, zifundishe watu, zifanye matengenezo zenyewe. Kaunti zikakatwa shilingi milioni 95 za Kenya kwa mwaka, baadaye zikapanda hadi milioni 200. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ikatoa ripoti kali. Kuna hospitali zilizopelekewa mashine zikakaa bure kwa kukosa umeme, chumba au wataalamu, huku malipo yakiendelea. Somo ni kwamba mkataba wa matengenezo bila hesabu ya wazi ya nini kinafanya kazi na wapi ni mrija wa kunyonyea.

India mwaka huohuo wa 2015 ilianza upande wa pili: kuhesabu kwanza. Katika majimbo mbalimbali wakakuta vifaa vingi havifanyi kazi. Hawakuficha. Wakavibandika namba, wakafungua simu ya kuripoti, wakaweka mikataba inayodai kwamba vifaa vya hospitali za wilaya viwe kazini asilimia 95 ya muda, na vya vituo vya chini asilimia 80. Asilimia 95 maana yake ni kwamba mashine inaruhusiwa kulala siku 18 kwa mwaka. Hicho ni kipimo ambacho hata bibi kule Mvumi anaweza kumuuliza mganga mfawidhi: ililala siku ngapi?

Hatusemi kila kilichofanyika India kimekwenda sawa. Tunasema walithubutu kuhesabu, na wakaihesabia aibu yao hadharani.

Kompyuta peke yake siyo dawa

Tunawajua watawala wetu. Ukidai mfumo, watakupa uzinduzi wa mfumo. Utapewa jina la kifupi lenye herufi sita, fulana, na semina ya siku tano hotelini. Nchi hii haina upungufu wa mifumo. Tumepewa MUSE kwa malipo, NeST kwa manunuzi, GAMIS kwa mali za serikali, FFARS kwa hesabu za vituo, GoTHOMIS kwa wagonjwa na makusanyo. Mtumishi mmoja wa zahanati anaweza kuwa na nywila kuliko glavu.

Kwa hiyo mfumo wa matengenezo usije kuwa mzigo wa sita juu ya mgongo wa muuguzi. Usomane na mingine, ili mashine iliyonunuliwa kupitia NeST iingie kwenye rejesta yenyewe bila kuandikwa upya. Ufanye kazi hata intaneti ikikatika, utume taarifa ikirudi. Uweze kupokea ripoti kwa ujumbe wa simu ya kitochi. Na uwe na mwenyewe: hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati ziko chini ya TAMISEMI. Tukiruhusu kila mmoja ajenge wake, tutakuwa na daftari mbili zinazogombana. Wizara zote mbili ziko Dodoma, Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Dodoma. Hawana kisingizio cha umbali. Wakutane hata kwenye chai.

La pili ni watu. Mfumo unaweza kumwambia fundi kwamba ana kazi 40 wiki hii, lakini hauwezi kushika bisibisi. DIT wanafundisha mafundi wa vifaa tiba, Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha, MUHAS wanatoa wahandisi wenye shahada. Vijana hawa wanamaliza, wanatafuta ajira, wengine wanaishia kuuza vifaa vya simu. Huku mashine zimelala, kule mafundi wamelala. Nani anashindwa kuwakutanisha?

La tatu ni hela. Wataalamu wa fani hii hukadiria kwamba kutunza kifaa vizuri kunagharimu kati ya asilimia 5 na 10 ya bei yake ya kununulia kila mwaka. Ukinunua mashine ya shilingi bilioni moja, umejitwisha milioni 50 hadi 100 kila mwaka, upende usipende. Usipozitenga utazilipa kwa njia nyingine: mashine itakufa kabla ya wakati na utanunua nyingine. Na hapo ndipo upigaji unapopenda pakae, kwa sababu zabuni mpya ina asilimia kumi yake, na chujio la hewa halina.

Jambo hili sasa ni la dharura. Septemba 2021 tulichukua mkopo wa IMF wa dola za Marekani milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3, na mpango wake ukazinduliwa hapahapa Dodoma tarehe 10 Oktoba mwaka ule. Sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa na vifaa vya wagonjwa mahututi. Kwa kawaida waranti ya vifaa vya aina hii ni mwaka mmoja hadi miwili. Yaani muda wa mzabuni kutengeneza bure umekwisha, na mkopo tunaulipa sisi na wadogo zetu. Haitakubalika deni liendelee kuishi wakati mashine imeshakufa.

Tunachodai

Tunaomba tueleweke. Hatudai miujiza. Tunadai mambo sita.

1. Sensa ya vifaa tiba katika kila hospitali, kituo cha afya na zahanati ya umma, kuanzia mikoa ya Dodoma na Singida. Kila kifaa kipewe namba, hali yake iandikwe, na kilichokufa kiandikwe kimekufa.

2. Rejesta moja ya kitaifa inayotumiwa na Wizara ya Afya na TAMISEMI kwa pamoja, kwa programu ambayo serikali inaimiliki na haitanyang'anywa mradi ukiisha.

3. Muhtasari wa kila robo mwaka utundikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila hospitali na uwekwe mtandaoni: vifaa vingapi, vingapi vinafanya kazi, vipi vimelala zaidi ya siku 30 na kwa sababu gani. Rejesta ya mashine haina siri ya mgonjwa yeyote. Hakuna sababu ya kuificha isipokuwa aibu.

4. Kasma ya matengenezo iliyolindwa, isiyohamishiwa kwenye mafuta ya magari na posho za vikao.

5. Hakuna mkataba wa ununuzi wala mapokezi ya msaada bila mafunzo kwa watumiaji, kitabu cha ufundi, nywila za ndani za mashine na bei za vipuri zilizokubaliwa mapema. Mfadhili anayetuletea mashine isiyo na vipuri ametuletea takataka, tumshukuru kwa heshima na tuikatae.

6. Ajira za mafundi wa vifaa tiba, angalau mmoja kwa kila halmashauri mwenye karakana, vifaa na usafiri, na Ofisi ya CAG ifanye ukaguzi wa ufanisi wa eneo hili na kufuatilia utekelezaji wake.

Watatujibu kwamba mfumo upo tayari au uko mbioni. Vizuri sana. Basi ufungueni tuone. Watasema tukitangaza mashine mbovu tutawatia hofu wananchi. Mwananchi aliyesafiri kutoka Kibakwe hadi hospitali akaambiwa mashine ni mbovu ameshatiwa hofu, na nauli imekwenda. Bora angejua kabla hajapanda gari.

Watasema pia kwamba sisi ni wapinzani, tunatafuta kiki. Mashine ya oksijeni haiulizi kadi ya chama kwa mtoto aliyelazwa. Nayo ikikosa oksijeni, haibagui mtoto wa kada na mtoto wa kamanda.

Kazi ya wiki hii

Makamanda, tahariri isiyo na kazi ni kelele. Kwa hiyo kazi ni hii.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Kila tawi letu, Dodoma Mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, Manyoni na kwingineko, liandike barua moja fupi kwa hospitali ya wilaya yake. Maswali manne tu: mna vifaa tiba vingapi? Vingapi havifanyi kazi leo? Kilicholala muda mrefu kuliko vyote kimelala tangu lini? Mwaka wa fedha uliopita mlitenga na mlitumia kiasi gani kwa matengenezo?

Andikeni kwa lugha ya heshima. Msiwatukane waganga wala wauguzi, wengi wao ndio mashahidi wetu. Hakikisheni barua inagongwa muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Siku ya 31, iwe mmejibiwa au hamjajibiwa, leteni hapa.

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na milango yake iko wazi kwa mwananchi. Hata kama limejaa madiwani wa chama kimoja, nendeni mkakae nyuma msikilize, mkiwa na daftari. Mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya anayeishi mtaa wenu ana haki ya kuuliza kuhusu mashine, mpelekeeni maswali haya manne kabla ya kikao chake.

Tukipata majibu kutoka wilaya saba, tutakuwa na rejesta ya kwanza ya wananchi katika nyanda za kati, hata kama imeandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule. Tutaichapisha hapa yote, pamoja na hospitali zilizofanya vizuri, kwa sababu zipo na zinastahili kusemwa. Serikali ikitaka kutuumbua, dawa ni rahisi: ilete rejesta iliyo bora kuliko yetu.